Uwanja Uliojengwa Kinyumenyume

Miaka yote mume wangu aliyokuwa kazini, suruali zake zilikuwa na pindo la kijani. Hakuna sabuni ambayo sikuijaribu. Nililoweka, nikasugua, nikaanika juani, pindo likabaki vilevile, kama la mtu aliyevuka mto wa majani mabichi. Kila siku ya kufua nilinung'unika. Sasa suruali zake ni safi, zimekunjwa kabatini, na mara nyingine nikizishika nautafuta ule ukijani kwa macho na siuoni. Binadamu ndivyo tulivyo. Tunachokinung'unikia leo ndicho tutakachokitamani kesho.

Alikuwa dereva wa trekta la kukata nyasi katika uwanja wa gofu. Kwa asiyeujua mchezo huo, watu hupiga kimpira kidogo kwa fimbo kutoka mbali sana, wakakifuata kwa miguu mpaka kiingie kwenye kishimo chenye bendera, kisha wakahamia shimo jingine. Uwanja wenyewe ni mkubwa kama mashamba ya watu wengi yaliyounganishwa, na nyasi zake haziachwi zijiotee tu. Mahali pengine hukatwa zikabaki ndefu kidogo, mahali pengine fupi, na pale penye bendera hukatwa mpaka pakawa kama zulia. Mume wangu hakuwahi kupiga mpira hata mmoja, lakini kila mpira uliopigwa pale ulitua juu ya kazi ya mikono yake. Watu wakamwita Nyasi, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kwenye karatasi.

Rafiki yake aliitwa Upepo. Yeye alikuwa akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Mchezaji akitaka kupiga, Upepo alichuma majani mawili matatu, akayarusha juu, akatazama yanakoelekea, halafu akasema kwa sauti ya daktari, "Kushoto kidogo, bwana." Hakukosea mara nyingi, na alipokosea alisema upepo ndio uliobadili mawazo.

Wakati wa chai wawili hao walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, mlangoni mwa banda la mashine, wakitupiana maneno.

"Wewe Nyasi, kazi yako hata ng'ombe angeifanya, tena bure."

"Angeifanya, ila angeacha na chake njiani. Kazi yako wewe punda angeifanya, na asingesema sana."

Mimi niliyasikia hayo yote kwa sababu nilikuwa nafua taulo za wachezaji, na kamba yangu ya kuanikia ilikuwa nyuma ya banda hilohilo. Dereva aliyekuwapo kabla yake alikuwa akipita na trekta lake na kurusha vipande vya majani juu ya taulo zangu mbichi, nami nikazifua upya huku nikimwombea kwa Mungu ampe moyo wa huruma. Mungu hakumpa moyo wa huruma, alimpa kazi nyingine. Akaja huyu. Siku ya kwanza alipoikaribia kamba yangu akazima trekta, akashuka, akakaa chini na kofia mapajani.

Nikamuuliza, "Kaka, limeharibika?"

"Hapana, dada. Nangoja zikauke."

"Zitachelewa. Jua lenyewe la kubembeleza."

"Sina haraka."

Uchumba wetu ulikuwa huo. Mbele ya kamba yangu pakawa na kipande cha nyasi ambacho kila mara kilikuwa kirefu kuliko uwanja wote, na msimamizi alimgombeza kwa ajili yake mpaka akachoka. Siku ya ndoa yetu aliyesimama kando yake ni Upepo, na koti la kuazima lililompita mabega.

Nayaeleza haya ili ijulikane kilichovunjika kilikuwa na uzito gani.

Uwanja uliuzwa. Walioununua walitaka kujenga nyumba, na sote tukaachishwa kazi. Kabla ya kujenga walikuja wapimaji, na wapimaji walihitaji mtu anayejua pembe zote za mahali pale, wakamchukua Upepo. Mume wangu alikwenda banda la mashine kuchukua viatu vyake, akamkuta rafiki yake amesimama na wale watu kwenye shimo la tano, penye mvinje mkubwa ambao kila mchezaji aliuogopa na kila mfanyakazi alipumzika chini yake. Upepo alikuwa amenyoosha mkono kuuelekea mti. Jioni ya siku hiyo mti ulikuwa umelala chini. Nyumba zilipokwisha, Upepo akapewa kazi ya ulinzi getini.

Tangu hapo hawakusemezana. Wakikutana barabarani, mmoja alitazama maduka na mwingine akatazama mawingu. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na mimi nililiona kovu lile kila siku mezani. Mume wangu alizungumza na kila mtu, hata na wauza vocha, ila jina lile halikutajwa nyumbani kwetu. Katika sala zangu nilikuwa nawataja wote wawili pamoja, kama walivyozoea kuitwa zamani. Nyasi na Upepo, Bwana, wakumbuke.

Miaka ikapita, goti la mume wangu likakataa kazi, akawa mtu wa kukaa. Mtu aliyezoea kuamka na umande, ukimweka kwenye kiti, anageuka kuwa sehemu ya kiti. Binti yetu wa mwisho, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, hakupenda hali ile. Akamletea kompyuta yake ya zamani, akaiweka juu ya meza ya chakula, akamfungulia gemu la gofu.

Baba mtu akatazama. Akasema, "Nyasi gani hizi hazina umande?"

"Baba, ni picha."

"Hata picha. Na aliyezikata ni nani? Mistari imepinda."

"Basi zikate wewe. Humu ndani unaweza kujenga uwanja wako mwenyewe, kuanzia udongo."

Nikamwona anasogeza kiti. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wowote?"

"Wowote, baba."

Nilijua uwanja gani hata kabla hajasema, nikaingia jikoni ili asione macho yangu.

Kujifunza kwake kulikuwa kichekesho. Kipanya cha kompyuta alikishika kwa mikono miwili kama usukani, na akitaka kugeuka kulia alilala na mwili mzima. Siku ya kwanza alitaka kuinua kilima kidogo, akakibonyeza kile kidude muda mrefu, ukaota mlima katikati ya meza yetu. Akaita, "Mama watoto, njoo uone. Nimeumba." Nikamwambia aache maneno hayo, Muumba ni mmoja. Alipojaribu kuushusha ukawa shimo, na alipoweka maji ya kidimbwi, maji yakaingia kila mahali, uwanja mzima ukawa bahari na bendera moja imesimama katikati kama mtu aliyekosa usafiri. Miti yake ya mwanzo ilielea hewani, mizizi haigusi chini. Binti akimwelekeza kwa simu alikuwa anacheka mpaka anakata.

Lakini alijikaza kisabuni. Akajifunza kushusha mlima taratibu, kupaka mchanga pale tu unapotakiwa, kukalisha mti ardhini. Asubuhi akishapata chai alivaa kofia yake ya kazi, ndani ya nyumba, akakaa mezani. Sisi tulikuwa tunakula tumeshika sahani mapajani kwa sababu meza ilikuwa uwanja. Nilipita nyuma yake na fagio, nikaona kidogokidogo vinarudi: mteremko wa karibu na banda, kidimbwi chenye umbo la figo, njia ya kokoto. Mara moja nilisimama na fagio mkononi nikasikia kabisa harufu ya nyasi zilizokatwa, na nyumba nzima haikuwa na jani hata moja.

Siku ya mapumziko binti akaja kuujaribu. Baba yake alikuwa amenyoa ndevu. Akaketi kando, mikono magotini, kama mtahiniwa.

Binti akapiga mpira wa kwanza. Akapiga wa pili. Akasimama, akazungusha picha huku na huku, akakuna kichwa.

"Baba, mbona mchezaji anaanzia penye shimo?"

"Anaanzia wapi?"

"Hapa umemsimamisha kwenye zulia la bendera, na bendera umeiweka kule pa kuanzia. Na shimo hili la kwanza si ndilo lililokuwa la mwisho? Baba, umeujenga wote kinyumenyume."

Mume wangu alivua kofia, akaitazama ile skrini muda mrefu. Kisha akaanza kueleza, na alieleza kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mkata nyasi hampi mchezaji mgongo. Ukimpa mgongo, mpira utakukuta kisogoni. Kwa hiyo wao walianzia shimo la mwisho, wakaja wakikata kuelekea la kwanza, uso kwa uso na wachezaji, ili mpira ukija wauone. Siku zote za kazi yake alikuwa ameuona uwanja ule kutoka upande mmoja tu, upande wa mashine.

"Basi tugeuze, baba. Bendera ikae kule, mchezaji aje huku."

Wakageuza. Ikawa mbaya zaidi. Mchezaji akisimama pa kuanzia anaona ukuta wa mchanga, na mpira ukitua unateleza mpaka kidimbwini. Miinuko ilikuwa ya mtu anayekuja, si ya mtu anayekwenda.

"Mchezaji alikuwa anasimama wapi hasa hapa, na mpira ulikuwa unabiringika kuelekea wapi?" binti akauliza.

"Sijui," akasema baba yake. "Mimi niliuona kinyumenyume tu."

"Nani anajua?"

Sote watatu tulimjua anayejua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nikapiga moyo konde, nikasema, "Baba watoto, yule yupo palepale getini."

"Usinitajie huyo mtu."

Sikumtajia tena. Kuna mambo ukiyasukuma yanaanguka upande usiotaka. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, tukarudi kula mezani kama watu wa kawaida, na chakula hakikuwa na ladha. Kofia ikarudi msumarini. Alikaa kwenye kiti chake anatazama ukuta, na mimi niliendelea kuomba kwa ndani, bila kelele, kama mtu anayechochea moto wa makaa.

Ikawa siku moja tunachambua mchele pamoja, sinia katikati yetu, akasema bila kuinua kichwa, "Huyo mtu wako wa getini. Bado anakohoa kama zamani?"

"Simsikii akikohoa. Namwona tu nikipita."

Akatoa jiwe, akalitupa. "Mwambie kuna kazi imekwama. Usimwambie nimemwita."

Nilivaa kanga yangu safi nikaenda. Upepo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya geti, sare imempwaya mabegani kama lile koti la harusi yetu. Aliponiona akasimama.

"Shemeji. Kwema?"

"Kwema, shemeji. Nyumbani kuna kazi imekwama."

"Kazi gani?"

Nikamweleza habari ya kompyuta, na mlima, na bahari, na uwanja uliogeuka. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Nyuma yake zilikuwa nyumba, madirisha na magari, na mimi nilijua kabisa kwamba pale alipokaa palikuwa ukingo wa shimo la pili.

"Shemeji, nikuulize jambo," akasema. "Yeye ndiye aliyeniita, au wewe ndiye unayeniita?"

Hapo nilibanwa. Kusema uongo siwezi, na siri nimepewa. Nikasema, "Ameniambia nisikwambie kuwa amekuita."

Upepo akacheka mpaka akashika geti. Ilikuwa miaka mingi sijakisikia kicheko kile, kile cha kwenye ndoo. Akajifuta macho, akasema, "Basi mwambie sijui lolote, na kesho nikitoka zamu nitapita kwa bahati mbaya."

Akaja na shati lililopigwa pasi. Akasimama kizingitini, mume wangu akiwa kitini, na hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

"Hodi."

"Umeshaingia."

"Nimeona mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi siku zote."

Nikawawahi na stuli. Upepo akaketi mbele ya kompyuta, mume wangu akaifunua. Nilimwona Upepo anaufuata uwanja kwa macho, shimo kwa shimo, midomo inacheza bila sauti. Kisha akasafisha koo.

"Bwana Nyasi, hiki si kiwanja cha watu. Hiki ni kiwanja cha trekta."

"Ndiyo maana ukaitwa. Punda anaijua njia."

"Ng'ombe ndiye anayesema hivyo?"

Nikapumua.

Wakaanza. Upepo alinyoosha kidole, mume wangu akashika kipanya. Hapa mchezaji haoni bendera, anaona anga tu, inua. Hapa mpira ukitua unakimbilia kulia, si kushoto, laza ardhi. Mchanga huu ulijificha nyuma ya mgongo wa nyasi, ndipo wachezaji walipopigia kelele. Gemu lina mshale wa kuonyesha upepo unakovuma. Upepo aliutazama mshale ule kwa dharau, akachuma jani la hewani, lisilokuwepo, akalirusha juu ya meza yetu, akasema, "Muongo huyu." Wakabishana juu ya mteremko mmoja mpaka chai ikapoa nikaipasha tena. Ilichukua mapumziko mengi ya zamu zake, anakuja, anaondoka, wakigombana juu ya udongo usiokuwepo. Na mimi jikoni nilikuwa nashukuru.

Shimo la tano waliliruka. Walitoka la nne wakaenda la sita, wakamaliza, wakarudi, wakaliruka tena. Mwisho halikubaki jingine.

Pale kwenye kona palikuwa patupu. Mume wangu alikuwa amepanda miti yote ya uwanja, hata vichaka vya nyuma ya vyoo, lakini mvinje hakuupanda.

Upepo akasema, akiongea na skrini, "Walisema atakayewaonyesha mipaka ndiye atakayepewa kazi. Nilikuwa na watoto shuleni."

"Na mimi nilikuwa na watoto shuleni."

"Najua."

"Ungenambia."

"Ningekwambia nini? Uso wako niliuona siku ile. Nikasema nitakuja kesho. Kesho ikawa na kesho yake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, na nikaogopa hata kulitua. Nikawaza, Mungu wangu, wamefika hapa, usiwaache hapa. Kisha mume wangu akafanya kitu kidogo tu. Akaondoa mkono wake kwenye kipanya, akakisukuma juu ya meza mpaka mbele ya mwenzake.

"Wewe ndiye unayejua ulipokuwa," akasema. "Uweke."

Upepo hakuwahi kukigusa kitu kile. Mume wangu akamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza. Mvinje ukatokea angani, juu ya uwanja, mizizi inaning'inia.

"Ushushe," mume wangu akasema. "Taratibu. Usiubane. Sasa uachie."

Mti ukakaa.

Halafu mume wangu akainamia skrini, akakunja uso.

"Umeuweka kushoto mno."

"Ulikuwa hapahapa."

"Kushoto mno, bwana. Mimi nililala chini yake."

"Ulilala, ndiyo maana hukuona. Mimi nilikuwa macho, kazini."

Nikatua birika. Nikaenda uani nikakaa kwenye kigoda, nikalia kidogo kilio kizuri, nikanawa uso. Niliporudi bado walikuwa wanabishana, na mti ulikuwa umesogezwa kulia kidogo, kisha ukarudishwa palepale Upepo alipouweka kwanza.

Binti alipokuja tena, mchezaji alianzia pa kuanzia, mpira ukaenda ulikotakiwa, na kwenye shimo la tano ulipiga mvinje ukarudi. Wazee wawili wakapiga makofi kama watoto. Kuupiga mvinje ilikuwa ndiyo desturi ya shimo lile.

"Bado kitu kimoja," Upepo akasema. "Kamba ya shemeji."

Gemu halina kamba wala taulo. Wakatafuta sana. Mwisho wakachukua vijiti vyeupe, vile vinavyowekwa kuonyesha mwisho wa uwanja, wakavipanga nyuma ya banda safu moja. Kwa mbali, ukikaza macho, ni taulo kabisa.

"Mpira ukivuka hapo umepotea," Upepo akamweleza binti yetu. "Hurudi kuutafuta."

"Mimi nilivuka," baba yake akasema, "na sijaonekana mpaka leo."

Nikamwambia aache utani mbele ya mtoto. Lakini nilisogea karibu nikatazama. Uwanja wote ulikuwa umenyolewa vizuri, mistari imenyooka, hakuna jani lililomzidi mwenzake. Ila mbele ya vile vijiti vyeupe palikuwa na kipande kidogo, nyasi zake ndefu, zimeachwa.

Upepo naye akapaona. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa umesahau kukata."

"Sijasahau," mume wangu akasema. Alikuwa amevua kofia, ameiweka mapajani. "Hapo nangoja zikauke."